Mkwaruzo wa Gari la Harusi Haulipwi kwa Mahari



Leo sitaki kuzungumzia hina, wala singo, wala rangi ya shela. Nataka tuzungumze gari. Gari lile la kukodi linalombeba bibi harusi na watu wake, ambalo siku ya pili asubuhi mwenyewe anakuja kulichukua, analizunguka taratibu huku mikono iko nyuma, kisha anasimama mbele ya bampa na kuuliza: hii nini?

Hapo ndipo furaha ya wiki nzima inapoingia mchanga. Upande wa bwana harusi wanasema gari walikuwa nalo watu wa bibi harusi. Upande wa bibi harusi wanasema dereva aliletwa na wenyeji. Wanaume wanatoka nje kuzungumza, wanarudi wamenuna, na mwisho kuna mtu anasema maneno ambayo nimeyasikia kwa masikio yangu zaidi ya mara moja: "Si ana mahari yake pale? Tukate humo, mambo yaishe."

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana nami ajue ninapoelekea. Mahari ya mwanamke hayakatwi kwa ajili ya bampa. Na sababu inayotufikisha huko ni kwamba sisi wanawake tunachangia pesa za gari lakini hatuuliziwi wala hatuulizi chochote juu ya makubaliano yake. Hatujui limekodiwa kwa nani, lina bima gani, wala likikwaruzwa nani anabeba. Tunajua rangi ya riboni tu.

Kwa nini Karagwe na Kyerwa

Nimechagua mfano wa Karagwe na Kyerwa kwa sababu harusi zetu siku hizi zinavuka bahari na kisha zinavuka ziwa. Binti wa Unguja au Pemba anaolewa na kijana wa Kayanga, wa Omurushaka, wa Nkwenda. Walikutana chuoni Dar es Salaam au kazini Dodoma, wazazi wakaridhiana, na ndugu ishirini wanafunga safari. Na si jambo jipya. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, hapo hapo Karagwe, karibu na makao ya Mfalme Rumanyika. Speke na Grant walipofika kwake mwaka 1861 walikuwa na wapagazi na askari waliotoka nao Zanzibar. Kwa hiyo watu wa kisiwani kufika Karagwe wamechoka na vumbi ni habari ya zamani sana.

Tofauti ni kwamba wale walikwenda kwa miguu, sisi tunakodi Noah.

Na njia ile ina mambo yake. Ukitoka Bukoba unapita lami hadi Kyaka, kisha unapanda lami ya Kyaka hadi Bugene, karibu kilomita 60 za vilima na kona. Mpaka hapo hakuna shida kubwa. Shida inaanza unapoiacha lami kwenda kijijini kwa wakwe. Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na kufika mpaka wa Uganda kwenye mto huo huo wa Kagera, ina vijiji vingi vinavyofikiwa kwa barabara za udongo mwekundu. Masika na vuli udongo ule unateleza kama sabuni. Kiangazi ni kokoto, na gari lililo mbele likirusha moja tu, kioo chako kimeota nyota. Nyumba nyingi ziko ndani ya migomba na kahawa, na njia ya kuingilia uani ilitengenezwa kwa ajili ya pikipiki na baiskeli iliyobeba ndizi. Ukiingiza gari pana lenye mapambo, mlango lazima uguse kitu.

Kwa hiyo mkwaruzo kule si balaa la ajabu wala si dalili ya nuksi katika ndoa. Ni jambo la kutarajiwa, na jambo la kutarajiwa linazungumzwa kabla.

"Usijali, lina bima"

Sentensi hii imewaponza wengi. Mwenye gari anaisema, dereva anaisema, mjomba anaisema. Lina bima ipi?

Kwa sheria ya Tanzania kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na bima, na ile ya lazima ni bima ya mtu wa tatu, ambayo mtaani tunaiita bima ndogo. Kazi yake ni kumlinda mtu mwingine: aliyegongwa, au mali ya mwingine iliyoharibiwa na gari hilo. Haitengenezi gari lenyewe. Bampa la gari ulilokodi likipasuka kwenye nguzo ya lango la wakwe, bima ndogo haina habari nalo.

Inayotengeneza gari lenyewe ni bima kubwa. Lakini hata hiyo ina masharti mawili ambayo bibi harusi anapaswa kuyajua.

La kwanza: bima inakatwa kulingana na matumizi. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha likakodishwa kwa pesa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa madai. Na magari mengi tunayopewa kwenye harusi ni ya watu binafsi: la mwalimu, la daktari, la mfanyabiashara wa kahawa anayelikodisha mwisho wa wiki. Angalia kibao cha namba. Gari la Bara lenye kibao cha njano limesajiliwa kwa matumizi binafsi. La biashara kibao chake ni cheupe. Sisemi ulikatae la njano. Nasema ujue kwamba likipata dhara, huenda ile "lina bima" ikawa ni maneno matupu.

La pili: katika bima kubwa kuna kiasi ambacho mwenye gari anakibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti. Mafundi na mawakala wanakiita eksesi. Mkwaruzo mdogo, taa ya indiketa, kioo cha pembeni kilichopasuka, aghlabu gharama yake haifiki hapo. Na hata ikifika, mwenye gari mwenye akili anajiuliza kama inafaa kudai, maana akidai mwaka huu huenda akapoteza punguzo lake la mwaka ujao.

Natija yake ni nini? Ni kwamba kwa madhara madogo, ambayo ndiyo mengi, bima haipo pale hata kama ipo. Wanabaki watu wawili wanaotazamana: mwenye gari na aliyekodi. Na kati ya watu wawili, sisi Waislamu tuna sheria yetu iliyo wazi kuliko karatasi nyingi za bima.

Dini imesema nini juu ya kitu cha kukodi

Kukodi ni ijara. Katika ijara, kitu kilicho mkononi mwa aliyekodi ni amana. Mafakihi wa madhehebu zote nne wamekwenda hapo: aliyekodi hadhamini kilichoharibika ila kwa mambo mawili. Moja ni kuvuka mpaka, yaani taaddi. La pili ni uzembe, yaani tafriti. Nje ya hayo, dhara ni la mwenye mali, kwa sababu yeye ndiye anayekula kodi yake.

Tuyashushe haya mpaka Karagwe.

Kokoto imeruka kutoka kwenye lori na kupasua kioo, na gari lilikuwa linakwenda mwendo wa kawaida kwenye njia mliyokubaliana. Hapo hakuna taaddi wala uzembe. Hulipi, na usilazimishwe kulipa kwa kuwa wewe ni mgeni na unaona haya.

Noah ya watu saba mmeipakia watu kumi na mbili, mikungu ya ndizi juu, na bodi imekwangua matuta njia nzima. Hiyo ni taaddi. Mnalipa.

Mmekodi gari la kuzunguka Kayanga na Bugene, kisha shangazi akasema twendeni Murongo tukavuke mto tuwasalimie ndugu wa upande wa Uganda. Hapo mmetoka kwenye makubaliano. Hata kama atakayeligonga ni bodaboda mwenye makosa yote, dhima imeshahamia kwenu, kwa sababu gari halikupaswa kuwa pale. Vitabu vya fiqhi vinaeleza suala hili kwa mfano wa mnyama aliyekodiwa kufika mji fulani akapelekwa mbele zaidi. Ongeza na hili: bima ya Tanzania peke yake haivuki mpaka; gari linalokwenda Uganda linahitaji ile kadi ya njano ya COMESA.

Na dereva je? Kule Kagera magari mengi ya harusi yanakuja na dereva wa mwenye gari. Dereva yule akirudi nyuma akagonga mgomba, amegonga mfanyakazi wa mwenye gari, hukugonga wewe. Mzungumzeni na mwenye gari kwa upole lakini msilibebe. Isipokuwa kama alikwambia "mama, hapa hapapiti," nanyi mkampigia kelele kumi kwa pamoja apite hivyo hivyo kwa sababu maulamaa wameshakaa kwenye mkeka. Hapo tuogope Mungu, tuchangie.

Sasa sikilizeni hili, kwani wengi wetu tunalielewa kinyume. Tunadhani gari la kuazima, lile la bure la mjomba, halina masharti, na la kukodi ndilo lenye masharti. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tuliyokulia nayo visiwani, ni kinyume chake. Kitu cha kuazima ni ariya, na aliyeazima anadhamini kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, hata kama hakuzembea. Mtume, rehma na amani ziwe juu yake, alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya kwa ajili ya vita vya Hunayn, alimhakikishia kwamba ni azimo lenye dhamana. Kwa hiyo ukisikia "tumeazimwa Prado ya mkwe, tumeokoa pesa," jua kwamba mmeokoa kodi lakini mmebeba dhamana nzito zaidi. Wakati mwingine kukodi kwa makubaliano safi kunapumzisha moyo kuliko bure.

Haya ni mas-ala ya jumla. Kesi yenye utata mpelekee shehe au kadhi, usikate mwenyewe kwa kusoma makala.

Madhara yetu sisi wanawake

Tukiwalaumu madereva tu tutakuwa hatujasema kweli. Gari la harusi linaumizwa kwa namna ambazo gari jingine halijui, na nyingi zinatoka kwetu.

Hina mbichi na piko. Bibi harusi amepakwa usiku, haijakauka sawasawa, anaingizwa garini na mkono unagusa kiti cha kitambaa cha rangi ya maziwa. Doa lile halitoki kwa sabuni. Chetezo: somo anataka gari linukie udi, makaa yanaruka, zulia la chini linatoboka. Gundi ya mapambo: mtu anabandika riboni na maua kwenye boneti kwa selotepu ya kawaida, jua la mchana linaioka, na ikivutwa inaondoka na rangi. Gari lililopigwa rangi upya gereji ndilo linalochunika haraka zaidi. Pilau na samli kwenye sinia lililowekwa juu ya kiti. Kisigino cha kiatu kwenye ubao wa mlango. Pini za mtandio zinazochana viti vya ngozi.

Vyote hivi vinazuilika kwa pesa ndogo. Shuka la zamani au kanga mbili za kutandika kiti. Mapambo ya kufunga kwa kamba au sumaku yenye kitambaa chini yake. Udi tujifukize kabla ya kupanda, chetezo kibaki nyumbani. Sinia liende kwenye gari la mizigo. Na yakitokea, haya ndiyo ambayo hatuwezi kumbebesha dereva wala kokoto. Ni uzembe wetu, na tulipe kwa roho safi.

Sahani iliyovunjika

Kuna kisa ambacho wengi wenu mmekisoma katika Sahihi Bukhari. Mtume alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, ambaye wanazuoni wanasema ni Bibi Aisha, Allah amridhie, na mke mwingine akatuma chakula katika sahani. Wivu ukamshika mwenye nyumba, akampiga aliyeleta mkononi, sahani ikaanguka na kuvunjika. Mtume hakumfokea mbele ya wageni. Aliokota vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwepo kwamba mama yenu ameshikwa na wivu. Kisha akamzuia mjumbe mpaka ikaletwa sahani nzima kutoka nyumba ile ile, akampelekea mwenye sahani iliyovunjika, na ile iliyovunjika ikabaki pale ilipovunjikia.

Mimi naona kisa hiki kinatosheleza nusu ya ugomvi wetu wa bampa. Tazama yaliyofanyika. Fidia ilitoka mara ile ile, haikungoja wiki. Ilitoka kwenye nyumba iliyovunja, haikuchangishwa kwa asiyehusika. Ilikuwa sahani kwa sahani; mwenye mali hakupewa sahani mbili kwa sababu ya uchungu, wala hakupewa kipande. Na aliyevunja hakuaibishwa.

Sisi tunafanya kinyume katika yote manne. Tunaficha. Watoto wanatumwa kupaka matope juu ya mkwaruzo ili usionekane mpaka gari limeondoka. Huo ni udanganyifu katika amana, hata kama mwenye gari ni tajiri, na hata kama yeye mwenyewe ametupandishia bei. Upande wa pili, mwenye gari anaona mkwaruzo wa urefu wa kidole na anataka upande mzima upigwe rangi, pamoja na ule mbonyeo wa mwaka juzi ambao kila mtu wa Omurushaka anaujua. Huko ni kula mali ya mtu bila haki. Fidia inarudisha gari lilivyokuwa jana, hailifanyi jipya.

Mahari ni ya nani?

Narudi kwenye lile lililonifanya niandike.

Qur'ani, katika Suratun Nisaa aya ya 4, imeamuru wanawake wapewe mahari yao, na ikaruhusu wengine kula humo pale tu mwanamke mwenyewe anapotoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Ridhaa ya nafsi. Binti ambaye hina haijakauka mkononi, amezungukwa na wakwe asiowajua, katika mji ambao lugha ya nyumbani ni Kinyambo naye hajui hata kusalimia, akiambiwa na wazee wanne kwamba "tutoe kidogo kwenye mahari tumalize aibu" na akatikisa kichwa, ile si ridhaa. Ni hofu.

Na yeye hakukodi gari. Aliyekodi ni kamati, au kaka, au bwana harusi. Hakuendesha. Hakuchagua njia. Kwa sheria ipi ya mbinguni au ya Dodoma awe yeye wa kulipa?

Wapo watakaosema: pesa yenyewe ni ndogo, kwa nini tufanye mambo makubwa, mwanamke mwema anasitiri. Nawajibu kwamba mwanamke mwema anasitiri aibu za watu, hasitiri deni la kamati. Na udogo wa pesa ndio unaonipa wasiwasi. Mali ya mke ikiguswa siku ya kwanza kwa jambo dogo na yeye akanyamaza, nyumba nzima imejifunza kwamba mali yake inaguswa. Mwakani itakuwa ada ya skuli ya shemeji, mwaka wa tatu dhahabu yake imewekwa rehani. Akitaka kusaidia baadaye kwa moyo wake, akiwa nyumbani kwake ametulia, hiyo ni sadaka na Allah atamlipa. Lakini si siku ile na si kwa namna ile.

Tufanye nini kabla na baada

Kuna wanaoona haya kuandikishana na mkwe au na rafiki wa mkwe. Wanasema ni dalili ya kutoaminiana. Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Angekuwa Allah anaona kuandika ni kukosa adabu, asingeliamrisha. Kwa hiyo:

1. Awepo mtu mmoja, mwenye jina, aliyekodi. Si "kamati". Karatasi moja ya daftari inatosha: namba ya gari, kodi, siku, mwisho wa safari ni wapi, dereva ni wa nani, mafuta ya nani, na likikwaruzwa nani anabeba nini. Wasaini wawili na mashahidi. Nakala moja ashike mwanamke wa upande wa bibi harusi, somo au mama mdogo mwenye kichwa kilichotulia.

2. Ulizeni bima kubwa au ndogo, na ya matumizi gani. Mkitaka hakika, ingieni katika mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, andikeni namba ya gari, mtaona kama bima iko hai. Ni jambo la dakika mbili kwa simu.

3. Piga picha gari lote kabla halijapambwa: pande nne, vioo, rimu, viti, dashibodi ikionyesha kilomita. Mwenye gari awepo. Piga tena wakati wa kurudisha.

4. Pesa ya amana mliyomwachia mwenye gari iandikwe kiasi chake na siku ya kurudishwa. Ile pia ni amana mkononi mwake. Asije akaifanya zawadi.

5. Wekeni fungu dogo la madhara katika bajeti ya harusi, pembeni ya fungu la maua. Lisipotumika, lirudi kwa waliochanga au litolewe sadaka kwa ridhaa yao.

6. Dhara likitokea, mwambieni mwenye gari siku ile ile, kabla ya fundi kugusa. Kama gari lina bima kubwa na dhara si dogo, kampuni inataka kuona gari kabla halijatengenezwa, na inataka taarifa ya polisi. Msikubaliane malipo na mtu mwingine barabarani bila mwenye gari kuuliza bima yake.

7. Kama kuna mtu ameumia, hata kidogo, hata akisema hana neno, hapo si suala la kumalizana. Mpelekeni hospitali, piteni polisi mpate PF3, toeni taarifa. Damu haina mkwaruzo mdogo.

8. Kwa mkwaruzo wenyewe, chukueni bei kwa mafundi wawili wa bodi, mmoja wa kwao na mmoja wenu wa kumwamini. Lipeni kwa risiti, na mwenye gari aandike kwamba amelipwa na hana dai tena.

Na akitokea mwenye gari akasema "nimesamehe," mshukuruni na mumwombee dua, lakini mwandikeni pia. Watu wanasahau msamaha wao.

Neno juu ya takaful

Dada wengine wananiuliza kama bima yenyewe inafaa. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataa bima ya kibiashara kwa sababu ya utata uliomo ndani ya mkataba wake, na likaruhusu bima ya kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful: watu wanachangia mfuko kwa nia ya kutoa, na atakayepata dhara anasaidiwa humo. Sudan ilianza mwaka 1979. Kwetu, TIRA imeshaweka utaratibu wake, na Shirika letu la Bima la Zanzibar, ZIC, lina huduma ya takaful. Mwenye gari la kukodisha, khasa wewe dada unayeanza biashara ya magari ya maharusi, kaulizie. Ile bima ya lazima kisheria usiiache kwa kisingizio cha dini. Mtu utakayemgonga ana haki juu yako.

Lakini takaful nayo haitamaliza mkwaruzo wa kidole. Huo utamalizwa na ulimi wa kweli, karatasi moja na picha kumi. Mama wa bibi harusi, kabla hujauliza gari litapambwa rangi gani, uliza karatasi iko wapi. Na wewe bibi harusi, mahari yako ukishayapokea, yaweke mahali ambapo ufunguo ni wako.

Allah awabariki maharusi wote wa msimu huu, waliopo Mkunazini na walioko Kyerwa, na awafikishe salama wao na waliowabeba.

Wabillahi tawfiq.